Dozi ya tatu bila kipimo cha usugu, hapana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dozi za vidonda vya tumbo. Mume wangu amemaliza mbili ndani ya mwaka mmoja na nusu, siku 14 kila moja, asubuhi na jioni, bila kuruka hata kidonge. Zote zilikuwa dawa zilezile: omeprazoli, amoksilini na klarithromaisini. Mwezi mmoja baada ya kila dozi alipima choo, na bakteria wanaoleta vidonda hivyo, Helikobakta pailori, walikuwa bado wamo. Alipoandikiwa hizohizo kwa mara ya tatu, nilikataa.

Daktari mwingine tuliyemwendea alianza na swali ambalo hatukuwahi kuulizwa: amewahi kutumia azithromaisini? Amewahi, tena sana. Kila kifua kilipombana tulikimbilia duka la dawa tukauziwa vile vidonge vitatu. Kumbe dawa hiyo na klarithromaisini ni ndugu, na bakteria aliyekuwa sugu kwa moja huwa sugu kwa nyingine. Metronidazoli, antibiotiki nyingine ya vidonda, nayo bakteria huweza kuwa sugu kwake, maana kwetu humezwa kila tumbo likivuruga. Daktari akambadilishia, akampa dozi yenye bismathi na tetrasaiklini. Alituambia wazi kwamba anakisia kwa historia ya mgonjwa tu, kwa sababu hana maabara ya kumpimia usugu.

Hapo ndipo ninapoumia. Mume wangu alishapitishwa mpira wa kamera na kukatwa kipande cha nyama ya tumbo. Kipande hicho kilipimwa kuona kama bakteria wapo, basi. Kipande hichohicho kingeweza kupimwa vinasaba vya bakteria na kuonyesha kama klarithromaisini itawaua au la. Kwa kifua kikuu jambo hili tumeliweza: mashine ya GeneXpert husoma makohozi na ndani ya saa mbili hivi hutaja kama kuna usugu wa rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo. Sioni kwa nini mgonjwa wa tumbo aendelee kubahatishiwa.

Wala hili si jambo dogo. Helikobakta pailori alitambuliwa kuwa kisababishi cha saratani tangu 1994, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliwaweka wale sugu kwa klarithromaisini kwenye orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka.

Naiomba Wizara ya Afya ianze na hospitali za rufaa ambako kamera tayari zipo: aliyeshindwa na dozi ya kwanza apimwe usugu kabla ya kuandikiwa ya pili, na bima ilipie. Wakati tunasubiri, madaktari watuulize tumeshameza antibiotiki gani. Pia wasitumie kile kipimo cha damu kuthibitisha kupona, maana hicho hutafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, nazo hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria wakishakufa.

Mume wangu yuko siku ya tisa ya dozi mpya.

Msomaji wako,
Mwanza