Uigaji wa kompyuta si kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika Jumamosi iliyopita kwamba katika kemia kompyuta haigundui kitu, inarudisha tu ilicholishwa. Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita hapa Iringa. Kabla ya hapo, utafiti wangu wa uzamili ulikuwa kuigiza kwa kompyuta brashi za polima: minyororo mirefu ya molekuli iliyopandwa kwa ncha moja juu ya uso mgumu, ikabanana kama nyuzi za zulia.

Kuna polima iitwayo PNIPAM. Kwenye maji yasiyofika nyuzijoto 32 hivi, brashi yake hutanuka na kusimama. Kwenye methanoli tupu, ambayo ni aina ya alkoholi, husimama vilevile. Lakini tia methanoli kidogo kwenye maji, brashi inajikunja na kulala. Ongeza methanoli zaidi, inainuka tena. Nilipolieleza hili darasani, mwanafunzi mmoja alinibishia: "Mwalimu, vizuri viwili vikichanganywa vinaharibikaje?"

Mwaka 2014 wanasayansi Debashish Mukherji, Carlos Marques na Kurt Kremer walilishughulikia swali hilo kwa uigaji. Waliivua polima karibu kemia yake yote, ikabaki uzi wa shanga ndani ya viyeyusho ambavyo navyo ni shanga, kimoja kikiupenda uzi kuliko kingine. Uzi ukajikunja. Kiyeyusho kinachopendwa kikiwa adimu, chembe yake moja hushika sehemu mbili za uzi na kuwa daraja. Kikijaa, kila sehemu hupata chembe yake na madaraja yanaachia. Mwaka 2017 mwanasayansi Jens-Uwe Sommer wa Dresden, Ujerumani, akaijenga hoja ya mvutano wa namna hiyo kwa brashi zenyewe. Wapo wanaosema uhusiano wa maji na alkoholi nao una nguvu yake, na mjadala huo ni halali.

Sasa nirudi kwa msomaji wako. Brashi yangu ya kwanza ilikataa kulala. Nilitaka ilale, msimamizi wangu alitarajia ilale, na kwa siku tisa ikasimama tu. Nilikuwa nimeweka mvutano dhaifu mno. Kompyuta inayorudisha matakwa ya mtu isingeninyima usingizi hivyo.

Programu niliyotumia, LAMMPS, hupakuliwa bure, na shanga elfu chache zinaendeshwa na laptopu ya kawaida. Msomaji huyo akifika Iringa, nitakaa naye jioni nzima tuiendeshe pamoja.

Mwalimu wa kemia,
Iringa