Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: watoto wetu wapimwe vichwa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleykum. Mimi ni nesi mstaafu, mkazi wa Langoni, mjini Lamu. Wodi za watoto wachanga nimezitumikia miaka mingi hapa pwani, na sikudhani siku moja nitakaa upande wa pili wa kitanda, nikiwa bibi wa mgonjwa, mtoto aliyejaa maji kichwani.

Mjukuu wangu alizaliwa salama. Siku ya tano akashikwa na homa, akalazwa, akachomwa sindano, homa ikashuka, akaruhusiwa. Hospitali siitaji. Alitoka bila mtu kumpima kichwa, na mimi niliyepima vichwa vya watoto wa watu maisha yangu yote, wa kwangu sikumpima. Tukafuata ada: arobaini ndani, kofia ya uzi kichwani, mafuta ya nazi utosini. Kofia ndiyo iliyonizindua. Wiki ya tano ilikuwa haiingii tena. Mamake akacheka, akasema, "Si anakua, bibi?" Nikaweka kidole utosini: umetuna, umekaza kama ngozi ya ngoma, na mtoto wala halii. Mboni zimezama chini, weupe wa jicho umebaki juu.

Majirani wakasema jicho la husuda, wengine jini. Siwalaumu, hakuna aliyewaeleza. Ubongo hutengeneza maji mchana na usiku, na maji hayo yana njia zake za kutokea. Uambukizi wa siku za mwanzo ukiacha makovu kwenye njia hizo, maji hukwama, na kichwa hutanuka kwa kuwa mifupa ya mtoto bado haijashikana. Wapo wanaozaliwa na ugonjwa huu, hasa wenye mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga, lakini daktari wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alipofanya kazi Mbale, Uganda, aliona kwamba sehemu kubwa ya watoto aliowapokea walipatwa baada ya uambukizi kama huo. Basi mtoto anayetoka wodini baada ya homa ndiye hasa wa kuandamwa na tepu, na sisi ndiye tunayemfungia ndani siku arobaini.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye tepu. Mtoto aliyetimia miezi huzaliwa na kichwa cha sentimita 35 hivi, na miezi 3 ya mwanzo huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi. Kinachozidi hapo kwa kasi kitakuonyesha hatari kabla jicho halijaona kitu. Lakini tepu niliyoikuta wodini ilikuwa ya fundi cherehani, ya kitambaa, imevutwa mpaka imerefuka. Tepu iliyorefuka husoma pungufu. Inadanganya, tena uongo wa kuliwaza. Inatakiwa isiyovutika, ipite juu ya nyusi na kwenye kisogo pale palipochomoza zaidi, upime mara tatu na uandike kubwa yao, kila siku saa ile ile. Kwenye faili la mjukuu wangu palikuwa na namba moja tu, ya uzito.

Halafu kuna mikono. Tulipokuwa tukingoja safari ya Mombasa niliona mtoto mwenzake, kichwa kizito hawezi kukigeuza, sikio limekunjika chini yake mpaka limekuwa jeusi. Nikakunja leso, nikamwekea shingoni, nikamgeuza. Mtoto kama huyo hugeuzwa kila saa 2, hunyweshwa kidogo kidogo asitapike, na ukimnyanyua mkono mmoja ni wa kichwa peke yake. Nesi wa zamu hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake usiku kucha, na ndiyo kwanza ametolewa wodi ya wanaume.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, nesi akishazoea watoto hawa msimhamishe. Wahudumu wa afya wa vijijini wawe na tepu mkobani, wapite majumbani ndani ya arobaini, wala wasingoje chanjo ya wiki 6.

Mjukuu wangu alitiwa mrija unaoteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Sasa anatambaa na kuangusha vikombe vyangu. Lakini mrija huziba, na ukiziba ni suala la saa. Mamake nimemfundisha: akitapika, akilegea, akipata homa, ngozi juu ya mrija ikiwa nyekundu, usingoje kuche. Sisi tuko mjini. Mama aliyeko Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, usiku, maji yamekupwa na boti imekaa mchangani, atampigia simu nani? Naomba namba moja inayopokelewa, na boti inayojulikana ni ya kazi hiyo.

Tepu nimeshanunua mwenyewe, sita, za plastiki ngumu. Ziko kwenye kabati langu. Niambie nimkabidhi nani.

Wako,
Bibi wa Langoni