Boston, Jumatatu ya tatu ya Aprili

Ndugu zangu, salaam. Siku ya Patriots' Day, sikukuu ya Massachusetts, timu ya besiboli ya Red Sox huanza mechi pale uwanja wake wa Fenway Park mnamo saa tano asubuhi, na Marathoni ya Boston hupita mtaa wa Kenmore, hatua chache kutoka uwanjani. Anayetaka kuwaona wakimbiaji Wakenya asiingie uwanjani mapema: vinara wa kiume hupita kabla ya saa sita, wa kike muda mfupi baadaye. Mwaka 2025 Mkenya Sharon Lokedi aliweka rekodi ya wanawake ya njia hii, saa 2:17:22. Kwangu mimi, hilo linazidi besiboli ya mwanzo wa mechi!

Shukeni kituo cha treni cha Kenmore, maana kituo cha Copley hufungwa siku hiyo. Simameni upande wa uwanja. Barabara ikishafungwa, kuvuka ni shida. Begi la mgongoni haliruhusiwi uwanjani. Tiketi zimo kwenye simu, chajini usiku. Vaeni jaketi, Aprili huko bado baridi.