Yah: Malalamiko kuhusu kifaa cha sauti kinachogeuza spika umeme ukirudi

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi kamati ya msikiti wetu, hapa Tanga, ilinunua kwenu kompyuta ndogo ya bodi moja inayotumia mfumo endeshi wa Linux, pamoja na kadi mbili za sauti za USB: moja ya spika za mnarani kwa adhana, nyingine ya spika za ndani kwa darsa. Fundi wenu alifunga, akajaribu, tukatia saini.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika baada ya Isha, ukarudi muda si mrefu. Tukaanza kikao. Mweka hazina akashika maiki, maana wazee wetu wawili hawasikii vizuri, akasoma deni la bili ya maji na majina ya walioahidi mchango wasitoe. Spika za ndani kimya, naye akazidi kupaza sauti. Kumbe yote yanatoka mnarani! Mmoja wa waliotajwa alifika mlangoni kabla orodha haijaisha. Alfajiri adhana ikalia ndani, mtaa ukalala.

Tulipopiga simu mlisema tuzime na kuwasha. Tulifanya hivyo mara nne. Mara mbili ikakaa sawa, mara mbili ikageuka. Kijana wetu anayesoma chuo akafungua faili la /proc/asound/cards, linaloorodhesha kadi za sauti, na kutuonyesha kwa nini. Linux hugawa namba kwa kadi kadiri zinavyojitokeza wakati mashine inawaka, na fundi wenu aliandika namba tupu, 1 na 2, kwenye mipangilio. Anayewahi leo ndiye 1, kesho huenda akawa mwenzake.

Mtaalamu wenu akaingia kwa mbali, akaweka majina badala ya namba. Ingefaa kama kadi zingekuwa tofauti. Mlituuzia mbili za aina moja, kwa hiyo mfumo unaziita Device na Device_1, na anayewahi ndiye anayepata jina la kwanza. Tatizo ni lile lile.

Kinachokera ni kwamba faili hilo hilo linaonyesha kila kadi imechomekwa tundu gani la USB, na tundu halihami umeme ukikatika. Kanuni fupi ya udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa, ingeipa kadi ya kila tundu jina lake, tuseme mnara na ndani, na mipangilio ikafuata majina hayo. Tungeiandika wenyewe, lakini nywila ya msimamizi mmeishika ninyi.

Tunaomba ndani ya siku 14 mweke kanuni hiyo na kuijaribu mbele yetu kwa kuchomoa umeme walau mara kumi, au mtukabidhi nywila. Mkishindwa yote mawili, kichukueni kifaa chenu na mturudishie fedha. Kwa sasa adhana inatolewa kwa kipaza sauti cha zamani cha betri, na vikao tunafanya bila maiki.

Wenu,
Katibu, Kamati ya Msikiti