Wauzaji wa chupa za bakteria watueleze kilichomo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalotugusa sisi wakazi wa Kigoma tulioanza kufuga samaki wa mapambo majumbani, na linalowahusu zaidi wale wanaotuuzia vifaa vya ufugaji huo. Nazungumzia zile chupa ndogo zinazouzwa kwa maelezo kwamba zina bakteria wa kukomaza tangi jipya, yaani kuliandaa liweze kuondoa sumu itokanayo na uchafu wa samaki, na kwamba mtu akishazimimina majini anaweza kuwatia samaki siku hiyo hiyo.

Mimi niliyaamini maelezo hayo. Nilikuwa na tangi la kioo la lita 120, nikaagiza chupa kutoka Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi, nikaimimina yote kama muuzaji alivyonielekeza kwa simu, na jioni ile ile nikatia samaki wanane wa mwambani niliowapata kwa mvuvi mwenye kibali upande wa Katonga. Siku ya nne walianza kupanda juu ya maji na kuhema kwa haraka, matamvua yao yakiwa mekundu kupita kawaida. Siku ya tisa walikuwa wamebaki wawili. Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwamba huenda samaki wenyewe walikuwa dhaifu. Samaki aliyezaliwa na kukulia katika mawimbi ya Ziwa Tanganyika simwiti dhaifu, na jibu hilo ndilo lililonifanya nianze kutafuta chanzo cha vifo vile.

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanapooza huongeza amonia hiyo hiyo. Ziwani hupotelea katika maji mengi, lakini ndani ya tangi haina pa kwenda isipokuwa wawepo bakteria wa kuila. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na ambayo sisi huipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hawa kwa sehemu kubwa hawaelei majini, bali hung'ang'ania kwenye sponji ya filta, juu ya mawe na katika mchanga. Tena huzaliana polepole sana. Wako bakteria wanaoweza kuongezeka maradufu kwa chini ya nusu saa chakula kikiwa tele, lakini hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima, na ndiyo maana tangi linaloachwa likomae lenyewe huchukua kama wiki nne hadi sita.

Hapa Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Amonia ndani ya maji huwa katika sura mbili, na iliyo hatari zaidi kwa samaki ni ile inayoongezeka kadiri maji yanavyokuwa na alkali. Kipimo cha alkali hiyo huitwa pH, na namba yake ikipanda alkali nayo huwa imezidi. Katika maji ya nyuzijoto 25 yenye pH 7, sehemu hiyo hatari haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 hufika kama asilimia 5, na kwenye pH 9 hufika kama asilimia 36. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, maji ya bomba ya mji wetu huvutwa kutoka ziwani humo, na samaki wa mwambani tunaowapenda hawastawi katika maji tofauti na hayo. Kwa hiyo amonia ambayo mfugaji wa Ulaya, mwenye maji yenye pH 7, angeiona ni kidogo na samaki wake wakaendelea kula, hapa kwetu ina sehemu hatari karibu mara 60 zaidi. Maelekezo ya kwenye chupa hayasemi neno juu ya tofauti hiyo.

Sisemi kwamba chupa zote ni za uongo, maana hiyo nayo isingekuwa haki. Zipo zenye bakteria hai wa aina inayotakiwa, na zikitunzwa vizuri hufupisha kazi ya wiki kadhaa. Tatizo ni kwamba mnunuzi hana namna ya kuzitofautisha. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba bakteria anayekula nitriti katika matangi ya samaki ni Nitrobacter, mpaka mwaka 1998 mtafiti Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) waliyoyachunguza kazi hiyo ilifanywa na jamii ya Nitrospira; kwa hiyo chupa inaweza kuwa na bakteria hai lakini wasio wa aina inayotakiwa. Chupa nyingine huwa na bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao hujifunga katika ganda gumu na kuweza kukaa rafuni muda mrefu sana, lakini kazi yao ni kuozesha uchafu, wala hawashiki nafasi ya wale wanaokula amonia. Wanaokula amonia hawana ganda la namna hiyo. Wakikaa kwenye buti la basi lenye joto kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kisha wakawekwa dirishani juani, sioni ni wangapi watakaofika wakiwa hai.

Iko pia chupa ya kuondoa klorini, na hiyo naiona inafaa, kwa kuwa klorini ya bomba huwadhuru samaki na bakteria pia; asiye nayo anaweza kuyaacha maji wazi katika ndoo kwa saa 24.

Mara ya pili sikununua bakteria. Nilifunga dagaa watatu katika kitambaa, nikawaweka ndani ya tangi lisilo na samaki waoze na kutoa amonia, nikaiacha filta ikifanya kazi usiku na mchana, na nikaomba kwa rafiki yangu wa Ujiji kipande cha sponji kutoka filta yake inayofanya kazi kwa miaka. Nilikileta kikiwa katika maji ya tangi lake mwenyewe, kwani kikikauka, au kikioshwa kwa maji ya bomba, bakteria hufa. Nilipima amonia na nitriti kwa vipimo vya matone kila baada ya siku mbili. Amonia ilipanda, ikashuka, nitriti ikapanda nyuma yake na kukaa juu kwa muda ulionichosha, kisha siku ya 24 vyote viwili vikasoma sifuri. Niliongeza dagaa mwingine, amonia ikaanza kuonekana, na kesho yake ilikuwa imekwisha pamoja na nitriti yake. Hapo ndipo nilipowatia samaki, wawili wawili, na mpaka leo sijapoteza hata mmoja.

Ombi langu kwa wenye maduka ni kwamba kila chupa ya bakteria iuzwe ikiwa na jina la bakteria waliomo na tarehe ya mwisho ya matumizi inayosomeka, itunzwe mahali penye ubaridi, na isafirishwe kwetu mikoani ndani ya boksi la baridi kama zinavyosafirishwa chanjo za kuku. Pamoja na chupa hiyo, mteja auziwe vipimo vya amonia na nitriti, na aambiwe wazi kwamba asitie samaki kabla vipimo hivyo havijasoma sifuri. Muuzaji asiyeweza kutimiza hayo aseme hivyo kabla hajapokea fedha.

Jirani yeyote wa Mwanga au Gungu anayeanzisha tangi jipya anakaribishwa kwangu achukue kipande cha sponji bila malipo, ila aje na chombo chenye mfuniko.

Mfugaji wa samaki wa mapambo,
Mwanga, Kigoma.