Tiketi za kifurushi zinawaumiza wanafunzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo moja lililoandikwa kwenye makala yenu ya michezo kuhusu viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani. Ndugu mwandishi alisifu majukwaa yaliyofurika, bendi za matarumbeta na vijana waliojipaka rangi usoni, kisha akasema huku Marekani mwanafunzi anaingia uwanjani kwa kitambulisho chake tu, na kwamba vyuo vyetu vingeiga. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Naishi jimbo la Michigan huu mwaka wa 14, sasa niko Grand Rapids, na nina binti anayesoma mwaka wa pili katika chuo cha serikali kilicho mwendo wa saa chache kutoka kwetu. Kitambulisho anacho. Lakini ili kitambulisho hicho kifungue geti la uwanja, Julai iliyopita alilipa dola 325.

Ni kweli vipo vyuo vinavyofanya alivyosema mwandishi. Chuo Kikuu cha Duke, huko Durham, North Carolina, hakiwatozi wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hata senti kuangalia mpira wa kikapu katika ukumbi wa Cameron wenye nafasi 9,314. Wao wanalipa kwa kulala nje: kabla ya mechi na wapinzani wao wa Chuo Kikuu cha North Carolina wanapiga mahema kwenye majani, na kambi yao ina jina, Krzyzewskiville, kwa heshima ya kocha wao wa zamani, Mike Krzyzewski. Mtu akiniambia tuige hilo, namuunga mkono. Ila vyuo vingi vikubwa vya serikali haviko hivyo, na hicho cha binti yangu hakiko hivyo.

Dola 325 ni bei ya kifurushi. Nalitumia neno hilo kwa maana ileile mnayoijua kwenye simu zenu. Ndani yake mna mechi saba za nyumbani za mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mkononi, mechi zote za kikapu cha wanaume, na michezo mingine minne au mitano iliyoambatanishwa. Mwanafunzi hauziwi mechi moja. Kulipa ni Julai, wakati ratiba ya masomo haijatoka na hata mwanafunzi mwenyewe hajui Jumamosi zake zitakuwaje. Ukishalipa hurudishiwi. Ukishindwa kwenda, unaruhusiwa kumpa mwanafunzi mwenzako tu, na kila ukimpa unakatwa ada ya kuhamisha.

Binti yangu anafanya kazi katika jiko la bweni, anaosha trei na kufuta meza kwa dola 13 kwa saa. Gawanyeni wenyewe: ni saa 25 za kuosha trei. Zamu zake nyingi ni za Jumamosi, kwa hiyo katika mechi saba aliziona tatu, na kikapu hakukiona kabisa kwa sababu ukumbi ulijaa mara zote mbili alizokwenda. Kumbe kifurushi hakikuhakikishii kiti, kinakupa ruhusa ya kupanga foleni. Ukihesabu hivyo, kila mechi aliyoiona ilimgharimu zaidi ya dola 108. Na katika wiki ya mechi ya pili, nimekaa sebuleni na simu, niliona tiketi ya mtu wa nje, asiyesoma pale wala hajawahi kusoma pale, ikiuzwa dola 12, kwa kuwa wapinzani walikuwa dhaifu na walanguzi walishakata tamaa.

Nilimpigia nikamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, usiniambie tena bei za watu."

Wenye umri wangu watakumbuka sukari ilivyokuwa ya shida miaka ya themanini. Mtaani kwetu kulikuwa na duka ambalo sukari haikuuzwa peke yake. Mama alinituma na pesa kamili ya kilo moja, mwenye duka akaniambia sukari hii inatoka na sabuni mbili na pakiti ya amira. Sabuni tulikuwa nayo, na mikate hatukuoka. Nikarudi mikono mitupu, nikarudishwa na pesa nyingine, nikarudi na sukari, sabuni na amira. Ile amira ilikaa kabatini mpaka ikaharibika. Sikufikiri kwamba baada ya miaka arobaini nitaikumbuka amira hiyo kwa sababu ya chuo kikuu cha Marekani.

Kuna Jumamosi moja ya Novemba sitaisahau. Theluji ilikuwa inaanguka tangu alfajiri, binti ana mtihani wa kemia Jumatatu, mafua yamembana. Mama yake akamsihi abaki chumbani. Akaenda. Nilipomuuliza kwa nini, hakusema anaipenda timu, ingawa anaipenda. Alisema, "Nimeshalipa." Alikaa kwenye benchi la chuma saa tatu na nusu, timu ikafungwa, akarudi na homa. Mtoto niliyemlea mimi asimwage chakula ndiye huyo aliyeona dhambi kuacha mechi iliyolipiwa ipite. Ninamwelewa. Ndiyo maana naandika kwa uchungu.

Mambo haya si mapya, na ugomvi wake mkubwa niliushuhudia mimi mwenyewe. Mwaka 2014 nilikuwa naendesha teksi Ann Arbor, kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho uwanja wake unachukua zaidi ya watu 107,000. Mwaka mmoja kabla, idara ya michezo iliondoa utaratibu wa zamani wa kuwapa wanafunzi viti kwa kufuata miaka waliyokaa chuoni, ikawa anayewahi ndiye anayekaa mbele. Bei nayo ilipanda. Msimu wa 2014 tiketi za wanafunzi za mechi saba za nyumbani, zikiuzwa kwa pamoja, zilikuwa dola 280. Na mechi zenyewe ni zipi? Notre Dame, Michigan State na Ohio State, wapinzani watatu ambao mwanafunzi wa pale anawaota usiku, wote mwaka huo walichezewa ugenini. Nyumbani walikuja Appalachian State, Miami ya Ohio, Utah, Minnesota, Penn State, Indiana na Maryland. Abiria wangu wengi walikuwa wanafunzi, na kuanzia Agosti nilisikia neno moja tu kwenye kiti cha nyuma: hainunuliki.

Kisha Septemba likaja tangazo la soda. Atakayenunua chupa mbili za Coca-Cola angepewa tiketi mbili za mechi dhidi ya Minnesota. Liliondolewa haraka, lakini kila mtu alishaliona. Mwanafunzi aliyelipa dola 40 kwa kila mechi akajua kwamba kiti cha jirani yake kina thamani ya soda. Mechi hiyo hiyo ya Minnesota, Septemba 27, mchezaji wa Michigan, Shane Morris, aligongwa kichwani akayumba mbele ya macho ya watu wote, na bado akarudishwa uwanjani. Siku tatu baadaye wanafunzi waliandamana mpaka nyumbani kwa rais wa chuo wakitaka mkurugenzi wa michezo, Dave Brandon, aondolewe. Bwana huyu kabla ya kazi hiyo alikuwa mkuu wa kampuni ya Domino's Pizza. Alijiuzulu Oktoba 31. Aliyekaa nafasi yake kwa muda, Jim Hackett, alishusha tiketi za wanafunzi kutoka dola 280 hadi 175, yaani dola 25 kwa mechi.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu huwa tunaambiwa bei haishuki, gharama zimepanda, hakuna la kufanya. Ilishuka. Ilishuka kwa sababu jukwaa la wanafunzi lilikuwa na mapengo ambayo kamera haikuweza kuyaficha.

Sasa nije kwa mashabiki wenyewe, maana huku ugomvi mkali hauko kati ya mwanafunzi na chuo. Uko kati ya mwanafunzi na mzee mwenye tiketi ya msimu. Kazini kwetu, katika ghala la vipuri vya magari, kuna mzee mwenzangu ambaye alihitimu zamani na ana viti viwili alivyorithi kwa baba yake. Yeye akisikia wanafunzi wanalalamika, damu inamchemka. Anasema: mimi nalipa tiketi, na kabla ya tiketi nalipa mchango kwa ajili ya haki ya kununua kiti kilekile, kila mwaka, zamani sehemu kubwa ya mchango ule ilipunguza kodi yangu, tangu 2018 haipunguzi tena, nami pia nauziwa mechi zote kwa pamoja, nzuri na mbaya, hao watoto wanalipa robo yangu, wanaingia robo ya pili ya mchezo, wanaondoka mapumziko. Walipe au wakae nje.

Nimemsikiliza kwa heshima, na nakubali ameonewa. Lakini dawa ya mtu aliyebebeshwa mzigo si kutafuta mwingine wa kubebeshwa. Halafu hao vijana wanaoingia wakiwa wamechelewa, wengi walikuwa hawataki mechi ile tangu mwanzo. Imekuja ndani ya kifurushi. Anayenunua mechi moja aliyoichagua, nimemuona, yuko getini saa mbili kabla. Nilimwambia mzee mwenzangu hivyo, akanijibu kwamba mimi sikulelewa na mchezo huu. Ni kweli sikulelewa nao. Nimelelewa Mkwakwani, nikisimama juani na tiketi ya Coastal Union ya mechi moja, niliyoitaka mimi mwenyewe.

Jambo linaloniumiza zaidi ni michezo ile inayoambatanishwa. Binti yangu anapenda mpira wa wavu wa wanawake kuliko kitu kingine chochote chuoni pale, na kwenye orodha ya kifurushi wavu umewekwa mwisho kabisa, kama nyongeza ya kumfanya mtu aone amepata vingi. Wanaopanga bei hizi wanaamini kwamba mchezo wa wasichana hauwezi kuuzwa wenyewe. Basi waende Chuo Kikuu cha Nebraska. Agosti 30, 2023 chuo kile kilihamishia mechi ya wavu ya wanawake kwenye uwanja mkubwa wa mpira, wakaingia watu 92,003. Na Chuo Kikuu cha Iowa, katika msimu wa mwisho wa nyota wao wa kikapu Caitlin Clark, tiketi za msimu za kikapu cha wanawake ziliisha zote kabla ya msimu kuanza. Kuwafanya wanawake hawa kuwa amira ya kuuzia sukari ni kuwakosea wao, na ni kumkosea msichana ambaye angelipa kwa furaha kuwaona wao tu.

Najua pesa inatafutwa kwa nini. Tangu 2025, baada ya kesi ndefu mahakamani, vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, na kwa mwaka wa kwanza kiwango cha juu kilikuwa takribani dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja. Chuo Kikuu cha Tennessee kilitangaza mapema kabisa, Septemba 2024, kwamba kinaongeza asilimia 10 kwenye tiketi za msimu kwa ajili hiyo. Kijana anayevunjika mifupa mbele ya watu laki moja anastahili kulipwa, na alistahili zamani. Ninachokataa ni kuanza kuchanga kwa mwanafunzi anayeosha trei, ambaye mara nyingi ada ya michezo ameshakatwa ndani ya ada ya chuo.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, na wakubwa wa vyuo vyetu kama mnasoma: igeni bendi, igeni jukwaa maalumu la wanafunzi nyuma ya goli, igeni mahema ya Duke. Mkifika kwenye tiketi, muuzieni mwanafunzi mechi anayoitaka, siku anayoweza kuja, kwa bei ya jikoni kwake. Asiyeweza kuja arudishe nafasi bure ili mwenzake aliye nje ya geti aingie. Na mechi za wasichana ziwe na bei yake na geti lake.

Fomu ya kifurushi cha msimu ujao imeshatumwa kwenye barua pepe ya binti, na safari hii ni dola 350. Serikali ya wanafunzi inakusanya sahihi kudai mechi ziuzwe moja moja. Binti amesaini, na wenzake watatu wa chumbani wamesaini. Nilipoomba na mimi nisaini kama mzazi, nikaambiwa zinahesabiwa za wanafunzi peke yake. Naomba basi yangu ikae kwenye ukurasa wenu.

Mzazi wa mwanafunzi,
Grand Rapids, Michigan, Marekani