Salum wa Tabora siyo Salum wa Morogoro

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi kazi yangu ni kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi hapa Tabora mjini, kibanda changu kiko njia ya kwenda stesheni, kwa hiyo majina ya watu maarufu nashinda nayo kutwa nzima, nayaandika, nayafuta, naulizwa. Nyie waandishi na wenzenu wa redio mna tabia ya kumtaja mtu kwa jina moja tu, au kwa a.k.a. yake tu, kana kwamba nchi nzima ina Salum mmoja na Juma mmoja na Edward mmoja. Majina yanagongana jamani, na yakigongana hayabaki sawa kwa sawa, yule mwenye sifa kubwa zaidi anammeza mwenzake, na mara nyingi anayemezwa ni wa huku kwetu mikoani.

Nianze na linaloniuma. Kuna Salum Abdallah, yule SAY, yaani Salum Abdallah Yazidu, wa bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro. Huyu sina ugomvi naye hata kidogo, ni fundi, alifariki 1965 kwa ajali ya gari na mpaka leo anapigwa na watu wanacheza. Halafu kuna Salum Zahoro wa Kiko Kids, bendi ya hapahapa Tabora. Wote Salum, wote waliimba enzi zile za kuelekea uhuru na kuendelea, wote walishikwa na ile midundo ya Kicuba iliyokuwa imewakolea vijana wa wakati ule, na rekodi zao zote zina mikwaruzo ileile. Sasa mtangazaji wa zilipendwa anaweka wimbo, ukiisha anasema "huyo alikuwa Salum bwana, Morogoro hiyo", basi imeshatoka hiyo, nchi nzima imesikia Morogoro, na sisi tunaojua tumebaki tunaangaliana.

Kuna siku alikuja mama mmoja mtu mzima kutoka Isikizya, ameshika redio yake ndogo ya kuchomeka memori, zile ambazo watu huku wanakwenda nazo shambani. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, nataka uniwekee za Salum. Nikamuuliza mama Salum yupi, maana wapo wawili, akaniangalia kama mtu nisiyeeleweka, akasema Salum wetu huyu, wa hapa mjini, marehemu baba yenu alikuwa anapanda baiskeli kuja kumsikiliza. Nikafungua kompyuta. Folda niliyoipata mtandaoni ina nyimbo kibao na kila moja imeandikwa Salum Abdallah. Tukaanza kusikiliza mmoja mmoja, spika nimeipunguza sauti kwa sababu jirani yangu anauza dawa za kuku na hapendi kelele, mama kainamisha kichwa, wimbo ukianza tu anapunga mkono, siye huyu, siye huyu, weka mwingine. Mpaka tukafika kwenye mmoja, gitaa lilipoingia tu akanishika bega akasema huyu, huyu ndo mwenyewe mwanangu. Akakaa kwenye ndoo niliyoifunika pale nje akausikiliza wote mpaka mwisho bila kusema kitu. Kwenye skrini imeandikwa Salum Abdallah, Cuban Marimba, na ndani ya wimbo wenyewe ukitega sikio unasikia kabisa wanajitaja Kiko.

Nikabadilisha jina palepale, nikaandika Salum Zahoro, Kiko Kids, Tabora, na tangu hapo kila anayechukua kwangu anachukua na jina sahihi. Lakini kibanda kimoja kitafanya nini, redio inasikika mpaka Mtwara. Na huyu Zahoro wala sio mtu wa kusema amepotea hakuna anayemjua, miaka ya 1990 alikuwepo na wazee wenzake kwenye Shikamoo Jazz, watu walimuona, kwa hiyo kumjua inawezekana ni kutaka tu.

Najua mtasema hayo ni ya muziki wa zamani, yamepita. Hayajapita. Kwangu hapa kijana akisema niwekee Diamond namuwekea Diamond Platnumz, mzee akisema niwekee Diamond anataka Diamond Sound, ile bendi ya zamani ya wana Ikibinda Nkoi, na akipewa ya kijana anarudisha memori kesho yake asubuhi na maneno juu. Ukisema King, kuna mtu anamuwaza King Kiki na mwingine anamuwaza King Kiba, yaani Ali Kiba. Ukisema Juma ndo usiseme kabisa, Juma Nature, Juma Jux, na wazee wana Juma wao Juma Kilaza, aliyeshika Cuban Marimba baada ya huyohuyo Salum Abdallah kufariki. Mimi nauliza kila mara, sijawahi kuona ni usumbufu, kwa nini mwenye gazeti aone usumbufu kuongeza neno moja?

Kwenye siasa ndo hatari zaidi kwa sababu watoto wanasomea. Mchukue Edward. Nchi hii imepata mawaziri wakuu wawili wanaoitwa Edward na wote wawili wametokea Monduli, wote Wamasai. Edward Moringe Sokoine alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1977 mpaka 1980, akarudi tena 1983, akafa kwa ajali ya gari Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 yuko katikati ya vita yake na wahujumu uchumi. Edward Lowassa akaingia Desemba 2005 akajiuzulu Februari 2008, akagombea urais 2015, akafariki Februari 2024. Mtu mzima hawezi kuwachanganya, lakini mtoto wa darasa la sita aliyezaliwa juzi atawatofautishaje wakati anachosikia ni "marehemu Edward, Waziri Mkuu, mwana wa Monduli"? Mpwa wangu niliwahi kumkuta ameandika kwenye daftari kwamba Lowassa alipambana na walanguzi mwaka 1983. Hakuwa mjinga huyu mtoto, alisoma kipande cha habari kilichosema Edward, na Edward anayemjua yeye ni yule aliyeona mazishi yake kwenye simu. Niliumia kwa ajili ya Sokoine kwa kweli, mtu amefanya kazi ile, halafu ndani ya miaka arobaini kazi yake inaandikiwa mtu mwingine, na huyo mwingine naye ana ya kwake ambayo inabidi asomewe kwa jina lake.

Na Karume jamani. Baba ni Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Mtoto ni Amani Abeid Karume, rais wa Zanzibar kuanzia 2000 mpaka 2010. Majina yaleyale yamegeuzwa tu, sasa gazeti likiandika "Rais Karume alisema" bila mwaka wala jina la kwanza, msomaji afanye nini? Mwinyi hivyohivyo. Sisi uwanja wetu wa mpira hapa Tabora unaitwa Ali Hassan Mwinyi, kwa heshima ya Mzee Rukhsa aliyekuwa rais 1985 mpaka 1995 na kufariki Februari 2024, mwezi uleule wa Lowassa. Lakini watu mitaani wanaukata, tukutane Mwinyi, mechi iko Mwinyi, na mtoto wa leo ukimtajia Mwinyi anamjua Dokta Hussein wa Zanzibar, anaamini kabisa uwanja ni wake. Sio dhambi ya mtoto, hata tiketi na matangazo ya mechi utakuta yameandikwa kifupi.

Hata kwenye utemi wetu limetupata. Kuna Mtemi Fundikira aliyetawala Unyanyembe, utemi wa huku Tabora, katikati ya karne ya 19, wakati misafara inapita hapa kuelekea Ujiji, na kuna Chifu Abdallah Said Fundikira, Fundikira wa tatu, aliyekuwa waziri kwenye serikali ya Mwalimu mwanzoni mwa uhuru, akaachia ngazi 1963, akaja kuongoza chama cha UMD vyama vingi viliporudi, akafariki 2007. Kuna wageni wanafika Itetemia, kwenye makao ya watemi, wameshasoma mahali kuhusu "Chifu Fundikira" na wanataka kujua imekuwaje mtu mmoja ameishi miaka mia na hamsini.

Tatizo hili sio la Tanzania peke yake, nakubali. Muziki wa Kongo umetufikia huku na watu wanaopanda treni Kigoma, na wazee wa reli wanajua Kalle wako wawili. Yule mkubwa, Grand Kalle, ni Joseph Kabasele wa African Jazz, aliyewaimbia Wakongo uhuru wao 1960. Yule mnene Pepe Kalle wa Empire Bakuba, aliyefariki Novemba 1998, jina lake naye ni Kabasele, Kabasele Yampanya, na hilo la Kalle alilirithi kwa mkubwa wake ambaye alimlea kimuziki. Halafu kuna Pepe mwingine, Pepe Ndombe wa kwa Franco, bendi ya TPOK Jazz. Sasa mtu aje aseme "weka Kabasele" au "weka Pepe", utajua mwenyewe.

Na kwenye vibanda umiza nimeshuhudia watu wazima wanataka kushikana mashati kwa sababu ya Ronaldo. Mmoja anasema Ronaldo alifunga mawili fainali ya Kombe la Dunia 2002, Ujerumani wakalia, mwingine kijana anacheka anasema Ronaldo hajawahi kuchukua Kombe la Dunia, na wote wawili wanasema kweli, ni kwamba mzee anamsema Ronaldo Nazário wa Brazil na kijana anamsema Cristiano wa Ureno, ambaye jina la Ronaldo wazazi wake walilitoa kwa Ronald Reagan wa Marekani. Ronaldinho naye, kwa taarifa tu, jina lake la kuzaliwa ni Ronaldo vilevile. Lakini Wabrazil hawa wana akili kwenye hili, walikuwa na Juninho wawili wakati mmoja wakawapa kila mmoja na kwao, Juninho Paulista wa São Paulo, Juninho Pernambucano wa Pernambuco, yule wa Lyon wa faulo za mbali. Hakuna aliyechanganywa.

Na sisi tulikuwa nayo hiyo zamani na mitaani bado tunayo. Mtaa wa Ng'ambo una akina Juma wasiohesabika na hakuna barua inayopotea, kuna Juma wa Reli, Juma wa mama Asha, Juma fundi baiskeli. Wanyamwezi mapacha wote ni Kulwa na Doto, ukienda Kigoma kwa Waha mapacha ni Bukuru na Butoyi, kwa hiyo Doto peke yake huku haimtambulishi mtu, lazima useme Doto wa kwa nani, na kila mtu anasema bila kuchoka. Ni kwenye magazeti na redio tu ndo mtu anavuliwa ubini na kwao anabaki na jina moja.

Mhariri ninachoomba sio kikubwa. Mtu mkimtaja mara ya kwanza kwenye habari muandike majina yake kamili, na kama ana wajina wake maarufu muongeze kwao au kazi yake au mwaka, baada ya hapo fupisheni mnavyotaka. Picha za maktaba ziwe na jina lote chini yake. Mwalimu mnaweza kumwacha Mwalimu, huyo hakuna anayeuliza ni yupi. Wa zilipendwa nao, kabla hawajatangaza Salum waulize wazee wa Tabora, wapo, wanakaa barazani Kanyenye na Isevya na wanatambua gitaa la Kiko Kids kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Na kama kuna msomaji ana santuri ya Kiko ambayo lebo yake bado inasomeka, aipige picha awatumie muichapishe, ili ushahidi uwepo gazetini.

Aprili haiko mbali. Tarehe 7 mtaandika Karume na tarehe 12 mtaandika Sokoine, ndani ya wiki moja, mnaweza kuanzia hapo, na mimi nitanunua magazeti ya siku zote mbili nisome vichwa vya habari.

Ni mimi msomaji wenu,
Tabora mjini.